Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU): mhandisi na meneja mradi wasome darasa moja

Ndugu Katibu Mtendaji,

Desemba 2011 mafuriko yaliua takriban watu 40 Dar es Salaam, na Serikali ikawahamishia Mabwepande wakazi wa mabondeni. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kubeba abiria, karakana yake ikiwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, mojawapo ya mabonde hayohayo. Mvua kubwa zikinyesha huduma imekuwa ikisitishwa, na yapo mabasi yaliyoharibiwa na maji yakiwa yameegeshwa palepale.

Sisemi waliojenga hawakujua kazi. Jengo linaweza kutimiza kila kipengele cha mkataba, na bado usafiri wa jiji ukasimama masika yakiingia.

Vyuoni, usimamizi wa miradi unafundishwa kama ratiba, bajeti na manunuzi. Uhandisi wa mifumo, yaani kuchunguza jinsi sehemu zinavyotegemeana kabla mchoro wa kwanza haujachorwa, mara nyingi ni mada ya kupitia tu. Vijana wa fani hizi mbili huja kukutana saiti, mkandarasi ameshaanza kuchimba.

Wafundishwe pamoja, kwenye mradi mmoja. Tuwape karakana hiyohiyo. Mwanafunzi wa uhandisi apendekeze sakafu iinuliwe nusu mita. Mwenzake wa usimamizi apige hesabu hapohapo: malori mangapi ya kifusi, wiki ngapi zinaongezeka, nani analipia. Kisha wote wajibu swali gumu zaidi: maji yaliyokuwa yakituama hapo sasa yanamwendea nani, Magomeni au Mchikichini? Huenda wakaishia kusema kiwanja kibadilishwe. Uamuzi huo ukifanyika wakati wa upembuzi yakinifu, kinachobadilika ni makaratasi. Ukifanyika baada ya mradi kukabidhiwa, ni kujenga upya kwa fedha za umma.

Tume yako ndiyo inayotoa ithibati, yaani idhini rasmi, kwa vyuo na programu zao. Naomba mitaala ya fani hizi mbili inapopitiwa, kila chuo kinachozifundisha kitakiwe kuwa na kozi moja ya pamoja ya mwaka mzima, walimu wawili darasani kwa wakati mmoja, na alama moja kwa kundi zima. Najua idara zitavutana kuhusu kozi ni ya nani na vipindi vihesabiwe wapi. Zenyewe hazitalimaliza hilo. Tume ikiandika kwenye miongozo yake kwamba vipindi vihesabiwe kwa walimu wote wawili, mvutano huo utakosa sababu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhandisi na mwalimu, Dar es Salaam