Siku ukipata ujumbe kutoka Google, usiufute

Pasua, Moshi
Juni 14

Mpendwa Mama Neema,

Bwana asifiwe. Habari za Mwanza na joto lenu? Huku baridi ya Juni imetushika kweli kweli, mlima umejifunika wiki nzima, na Baba Elia ameanza kulala na soksi. Kwa ujumla hatujambo. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu hili jambo nataka ulitunze mahali.

Juzi nimeandika jina lako kwenye akaunti yangu ya Google bila kukuomba ruhusa. Usishtuke, hudaiwi kitu. Kuna sehemu humo unachagua kwamba nikikaa kimya bila kuigusa akaunti, iwe miezi 3, 6, 12 au 18, wamtafute mtu wangu wampe vile vitu nilivyoruhusu. Unaweza kuandika hadi watu 10. Mimi nimechagua miezi 6 na mtu mmoja, ambaye ni wewe. Kabla ya kukutafuta watanisumbua kwanza mimi mwenyewe mara kadhaa, wahakikishe sipo.

Shida ni kwamba leo hawakwambii chochote. Ujumbe utakuja siku hiyo hiyo tu, barua pepe inayosema umeachiwa vitu vya Mama Elia uvipakue. Na ninavyokujua, utasema "matapeli hao" na kuufuta, kama unavyofuta wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Basi huo usiufute. Watataka pia kukuthibitisha kwa namba yako ya simu, kwa hiyo hiyo laini usije ukaitupa. Lakini wakikuomba hela, au kama jana yake tumeongea mimi na wewe, hao ni matapeli kweli, futa.

Lililonifikisha hapa unalijua nusu. Ulikuja Kibosho tulipomzika mdogo wangu. Usichokiona ni mambo ya simu yake. Mama aliiweka juu ya kabati la vyombo, pembeni ya redio, na kila jioni akishafungia kuku anaichomeka kwenye chaji. Ilikuwa inalia ile simu! Si unajua alianza na upagazi akapanda hadi kuwa gaidi, kama tunavyowaita waongoza wageni hapa Moshi, Mungu atusamehe, na wageni wake walikuwa wanamwandikia moja kwa moja. Kioo kikiwaka tunasoma mstari wa kwanza, kisha nukta tatu. Mmoja wa Uholanzi aliandika kwamba wako wanne, wanakuja Septemba, na ile advansi, nukta tatu. Advansi imefanyaje? Imeshatumwa? Anaidai? Mchoro wa kuifungua simu alikuwa anaujua mwanawe wa miaka sita peke yake, au ndivyo alivyodai, na akajaribu mpaka simu ikajifunga kabisa.

Hela zake za kwenye simu tulizipata. Walitaka cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi, kwa hiyo ikawa kikao cha ukoo, muhtasari, Mahakama ya Mwanzo, nenda rudi. Ilichukua miezi ila njia ipo na wenye kuifahamu wapo. Shemeji mmoja alishauri tubahatishe namba ya siri tuzitoe usiku ule ule wa msiba. Nilimkatalia mbele ya watu, na mpaka leo ananisalimia kwa kuvizia. Hela ya marehemu ni mirathi hata ikiwa kwenye simu.

Kilichotushinda ni laini. Hakuna aliyekumbuka kuiwekea vocha, ikakaa, ikafungwa. Kurenyu laini kunataka kidole cha mwenyewe, na kidole cha mwenyewe kiko chini ya migomba. Sasa mama, kumbe, kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa na kawaida ya kuipiga ile namba ili aisikie ikilia juu ya kabati. Ilipofungwa akawa anaambiwa haipatikani, hakuacha kupiga. Siku moja ikapokelewa. "Haloo, nani mwenzangu?" Kijana, yuko Tunduma. Mama alikata, akakaa kwenye kigoda jikoni mpaka mtori ukaungua. Mimi nilipofungua WhatsApp, pale palipokuwa na picha ya mdogo wangu ameshika bendera kileleni Uhuru, kuna mtu kapanda bodaboda.

Yule kijana hana kosa, laini kanunua. Lakini fikiria, barua pepe ya marehemu, Facebook yake, kila mahali ukisema umesahau paswedi wanatuma namba za kufungulia kwenye ile ile laini. Ufunguo wa nyumba uko Tunduma kwa mtu asiyejua hata kama ni ufunguo.

Facebook yake bado ipo, na kila mwaka wapo wanaomtakia maisha marefu siku ya kuzaliwa. Tukipeleka cheti cha kifo wanaigeuza kuwa ya kumbukumbu, lakini mama hataki. Anasema waache wamtakie. Yangu nimemwandika Elia aisimamie. Ataweza kubadilisha picha na kuweka tangazo la msiba, ila meseji zangu hawezi kuzisoma, jambo ambalo limenifurahisha, maana humo mimi na wewe tumesema watu.

Basi nimenunua kauntabuku pale Mbuyuni. Sijaandika paswedi hata moja humo, nimeandika vitu viko wapi. Ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa ni LAINI ISIFE, iwekewe vocha kila mwezi mpaka mambo yote yaishe. Nilipobonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA nikakuta moja nisiyoitumia, ile niliyomsajilia dada wa kazi aliyeondoka mwaka juzi! Kurasa zinazofuata ni vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji, hisa kidogo, na mita ya LUKU ambayo hadi leo inasoma jina la baba mkwe. Kwenye kundi la kikoba nimeongeza msimamizi wa pili, maana mhazini nilikuwa peke yangu, na WhatsApp wanafuta akaunti isiyoguswa siku 120.

Google wanatoa pia namba 10 za akiba za kuingilia kama simu haipo, kila moja inatumika mara moja tu. Nimeziprinti nikazitia kwenye bahasha, nikagundi na kusaini juu ya gundi, ikaingia kwenye sanduku la bati chini ya vitenge, pamoja na hati ya kiwanja. Kwenye wosia sikuziweka. Wosia unasomwa mbele ya ukoo mzima, na ukoo wetu unaufahamu.

Unakumbuka baba alivyokuwa akitutembeza kihambani, shamba letu la nyumbani, kila Desemba, anagusa masale ya mpakani moja moja, hapa ndipo mwisho wetu, hapo anaanza jirani? Hata wewe alikutembeza ile Krismasi uliyokuja, ukalalamika umande. Krismasi hii nitamkalisha Elia na hilo kauntabuku vivyo hivyo, alalamike anavyotaka.

Utauliza kwa nini nimekuandika wewe na siyo wa nyumbani. Baba Elia ana simu ya tochi na barua pepe hana, na hataki kuwa nayo. Elia ningemwandika yeye. Ila barua pepe siwezi kuigawa, ama naruhusu zote ama naacha zote, na siwezi kuziacha kwa sababu humo ndimo zilimo risiti za ada na karatasi za vipande. Humo humo zimo barua za daktari za mwaka ule. Sitaki azikute yeye, tena katika wiki za namna hiyo. Wewe ulikaa na mimi pale kwenye benchi nje ya maabara, hakuna utakachokisoma humo ambacho hukukisikia. Picha mpe zote. Zipo za babu yake kihambani, na ile ya mdogo wangu kileleni ambayo kwenye ile namba haipo tena. Risiti mpe. Hizo za daktari zifute.

Sasa nithibitishie kitu kimoja, ile barua pepe yako tuliyokufungulia pamoja mwaka ule wa maombi ya chuo, bado unaifungua? Ndiyo niliyoiandika. Google wanafuta akaunti zilizokaa miaka 2 bila kuguswa, kwa hiyo ifungue leo, halafu nitumie neno lolote kutoka humo, hata salamu.

Alhamisi nakutumia mkungu wa mshare kwa basi, ni wa mtori, usije ukaukaanga kama ule wa mwisho. Wasalimie wote, na Neema mwambie viatu vyake nimeviona Memorial, namba 38, bado napatana bei.

Wako,
Mama Elia