Usilitoe gari kabla hujajua kinachovuja

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Unasema kuna majimaji kidogo chini ya gurudumu la nyuma kushoto, halafu unahamia kwenye habari za safari ya Jumamosi kama vile hukusema kitu. Hayo si maji. Maji ya kiyoyozi kwa gari lako hudondoka huku mbele, hayana rangi wala harufu, na hukauka bila kuacha alama. Usilitoe gari hilo kabla hujajua ni nini.

Leo usiku tandika boksi safi chini ya gurudumu. Asubuhi angalia doa, ulishike kwa vidole. Likiwa zito lenye harufu kali ya kiberiti, ni oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, na sili, ule mpira unaoizuia isitoke, imechoka. Ukikuta shokapu ndiyo imelowa kuanzia katikati kwenda chini, hilo lina nafuu kuliko breki. Likiwa jepesi, linateleza, la njano hafifu au kahawia, na tairi limelowa upande wa ndani, hayo ni mafuta ya breki. Nawa mikono, na yasiguse rangi ya gari maana huibabua.

Kisha ingia, usiwashe injini. Pampu breki mara kadhaa, halafu kanyaga kwa nguvu ushikilie, uhesabu hadi 30. Pedeli likizama taratibu chini ya mguu wako, funguo ziweke mezani. Lisipozama pia usijipe moyo mapema. Breki zina mikondo miwili, mmoja ukivuja mwingine bado unalisimamisha gari, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Fungua boneti. Mwanangu, mikataba ya kurasa arobaini unaisoma ukaona kosa alilolipita wakili mzima, najivunia hilo kila siku, lakini boneti hufungui! Kile kikopo cha mafuta ya breki kina alama ya chini na ya juu. Niambie kiwango kipo wapi. Kabla sijakukabidhi gari nilikiongeza, wiki mbili baadaye nikakiongeza tena. Nilijiambia pedi zimelika, na ni kweli zikilika kiwango hushuka, ila si kwa kasi ile. Ilipasa gurudumu livuliwe siku ile ile. Wewe ulikuwa na haraka ya kuondoka, na mimi nilitaka uondoke umefurahi.

Ikithibitika ni breki, usiliendeshe hata kwenda gereji, fundi aje hapo hapo. Mwambie afungue ngoma ya breki mbele yako. Silinda ndogo iliyomo ndani ikiwa imevuja, viatu vya breki, vile vibao vinavyoibana ngoma kwa ndani, vikilowa havioshwi kwa petroli vikarudishwa, vinabadilishwa, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki. Baadaye atoe hewa kwenye mfumo. Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, na chupa ifunguliwe ukiwepo, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Akitaka kutia oili ya injini kwenye kikopo hicho, mkatalie. Inavimbisha mipira yote ya ndani ya mfumo wa breki. Na asiingie chini kwa kutegemea jeki peke yake, hata akisema ameshazoea.

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako amepata miwani mpya, sasa anaona vumbi mahali ambapo mwaka mzima hapakuwa na vumbi. Mdogo wako amehamia chumbani kwako bila ruhusa, vitabu vyako nimevitia kwenye sanduku la bati. Kitasa cha mlango wa nyuma bado kinasumbua, ukija utausukuma kwa bega.

Safari hata ikisogea hadi Jumatatu, wanaokungoja wataelewa, nitawapigia mwenyewe ukiona aibu. Kesho asubuhi nitumie picha ya hilo boksi kabla hujaoga. Simu nitalala nayo.

Baba yako