Ukizidiwa nguvu, usitoke uwandani

Mhariri,

Vijana wa vibanda vya gemu hapa Dodoma, wakivamiwa na jeshi kubwa kwenye Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga miji na kupigana kwa zamu, hutoka kulifuata uwandani. Wanakwisha hapo hapo. Rudisheni askari kilimani, nyuma ya mto, wajichimbie: zamu ya kwanza nguvu ya ulinzi inaongezeka pointi 3, ya pili nyongeza inafika 6, na kilima chenyewe kinaongeza 3. Adui akishambulia kutoka ng'ambo ya mto anadhoofika. Wapiga mishale wakae mstari wa pili, maana mishale yao inafikia vigae 2 (vipande vya ramani), na wote wamlenge adui mmoja mpaka afe. Kuwajeruhi watano bila kuua ni hasara kubwa; watarudi nyuma kupona. Kuta zijengwe mapema, jamani! Mji ukishazingirwa pande zote haujiponyi.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma