Barua ya Wazi kwa Wazazi Wanaokarabati Nyumba Huku Wakilea Mtoto Mchanga

Wapendwa wanangu,

Ninawaandikia ninyi mliojaliwa mtoto hivi karibuni, au mnaomtarajia, na ambao katika kipindi hichohicho mmeamua kupaka rangi wenyewe, kutengeneza rafu, kubadilisha vigae au kukiandaa chumba ambacho hadi sasa kilikuwa stoo. Ninakijua kinachowasukuma. Mtoto anapoingia nyumbani, kasoro ambazo mlikuwa mkizipita bila kuziona hujitokeza zote kwa pamoja: mlango usiofunga sawasawa, rangi inayobanduka karibu na dirisha, kabati linaloyumba kila linapofunguliwa. Kumlipa fundi kwa kila kimoja ni gharama kubwa, na zaidi ya hapo, ipo furaha ya kweli katika kumlaza mtoto ndani ya chumba ulichokitengeneza kwa mikono yako mwenyewe. Sitawaambia muache. Nimeishika nyundo na msumeno kwa sehemu kubwa ya umri wangu, nimelea watoto na wajukuu, na ninaamini kwamba kazi na malezi vinaweza kukaa chini ya paa moja. Ninachowaomba ni kubadilisha namna mnavyochagua kazi, kwa kuwa kipimo kilichowafaa mlipokuwa wawili hakiwafai tena.

Wengi hujiuliza kazi itachukua saa ngapi. Swali hilo halina msaada kwenu sasa, kwa sababu saa hamna. Mnavyo vipande vya saa. Mtoto katika miezi mitatu ya kwanza hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, na mtu anayeisikia hesabu hiyo hudhani amepata nafasi tele ya kufanya kazi. Lakini usingizi huo umekatikakatika usiku na mchana, na hakuna anayejua kipande kipi kitadumu saa mbili na kipi kitakwisha baada ya dakika ishirini. Kwa hiyo jiulizeni hivi: mtoto akilia sasa hivi, je, ninaweza kuiacha kazi hii ilivyo, ndani ya dakika moja, bila kuiharibu na bila kuacha hatari nyuma yangu?

Chukueni mfano wa kurekebisha mlango wa kabati. Unafungua bawaba moja, unaziba tundu la skrubu lililopanuka kwa kijiti na gundi, unaacha likauke, kisha unarudi baadaye kuikaza skrubu upya. Ukiitwa katikati, hakuna kilichopotea. Linganisheni na kupaka ukuta mzima kwa rola. Rangi inataka ufike mwisho wa ukuta kabla ukingo uliotangulia haujakauka. Ukisimama nusu saa kumnyonyesha au kumbembeleza mtoto, ukirudi utapaka juu ya ukingo mkavu, na mstari ule utauona kila jua likiupiga ukuta, hata baada ya kurudia mkono wa pili. Saruji ni kali zaidi, kwa sababu maji yakishaigusa haisubiri mtu, na tena saruji mbichi huchoma ngozi, sembuse ngozi ya mtoto uliyekimbilia kumbeba kabla hujanawa. Kazi ya bomba ina shida yake nyingine: maji yakishafungwa, nyumba yenye mtoto haina pa kufulia wala pa kuoshea chupa hadi umalize, na bomba bovu halina tabia ya kumalizika saa uliyopanga.

Kazi inayolipita swali lile, fanyeni wakati wowote mtoto anapolala. Isiyolipita inahitaji mtu mzima wa pili ambaye siku hiyo hana kazi nyingine isipokuwa mtoto. Nasisitiza hapa, kwa maana ndipo wengi wanapojidanganya: anayempikia fundi, akamshikia ngazi, akampelekea misumari, na papo hapo akatakiwa kumwangalia mtoto, hamwangalii mtoto. Ikiwezekana mtoto aondoke kabisa pamoja na mlezi wake kwa saa hizo, akae kwa ndugu au rafiki. Na nawasihi, msimfunge mtoto mgongoni au kifuani kwa mbeleko mkapanda ngazi au mkashika msumeno na drili. Najua mbeleko imewawezesha kufagia, kupika na kutembea mwendo mrefu, lakini juu ya ngazi uzito wake unakuvuta upande usioutarajia, na mbele ya mashine vipande vinavyoruka vinafika usawa wa macho yake. Kelele nayo inamuumiza: drili inayotoboa ukuta hupita kwa urahisi desibeli 85, kiwango ambacho hata mfanyakazi mzima hutakiwa kuyakinga masikio yake.

Uchovu nao ni sehemu ya hesabu. Mtu aliyeamshwa mara nne usiku huiona mikono yake ni ileile na akasahau kwamba akili inayoiongoza haijalala. Huandika kipimo kisicho sahihi, akakata mbao fupi. Huo ni msiba mdogo. Mkubwa ni pale anapogusa waya akiamini amezima swichi kuu, au anapousukuma ubao kwenye msumeno huku mawazo yako kwenye dawa ya mtoto. Baada ya usiku mbaya, ahirisheni umeme, ngazi na kila chenye meno. Siku kama hizo zinafaa kwa kupima, kupanga skrubu kwa ukubwa, kusafisha brashi. Mama aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, ana mipaka aliyopewa na daktari au mkunga kuhusu kubeba mizigo. Mipaka hiyo iheshimiwe hata kama yeye mwenyewe anajisikia ana nguvu na anaona ndoo ile ni nyepesi.

Sasa nije kwenye vumbi, jambo linalonitia hofu kuliko yote niliyotaja. Nyumba za zamani nyingi zilipakwa rangi zenye madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zimechukua hatua kwa nyakati tofauti, lakini sheria haibandui rangi iliyokwisha kukaa ukutani. Chini ya rangi mpya mnayoiona leo inaweza kuwepo tabaka la miaka mingi nyuma. Ikiwa imetulia na haijapasuka, mara nyingi haina madhara makubwa. Balaa huanza mnapoikwangua na kuipiga msasa mkavu, kwa sababu mnaigeuza kuwa unga laini unaotua sakafuni, kwenye pazia, kwenye godoro. Mtoto anayetambaa huishi katika sakafu hiyo, kisha hupeleka mikono mdomoni kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Inayoharibiwa ni akili yake inayokua, wala hataugua kwa namna mtakayoitambua mapema. Kwa mjamzito pia msasa huo haumhusu, kwani risasi hupita kutoka damu ya mama hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Kwa hiyo, kama nyumba ni ya zamani na hamjui historia ya kuta zake, ipimisheni rangi kabla ya kuigusa. Ikionekana ina risasi, mwachieni mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na familia ihame hadi usafi ukamilike. Vivyo hivyo kwa mabati ya asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na kwa dari za zamani na mabomba yaliyofunikwa kwa vifaa vya nyuzinyuzi: msivitoboe, msivikate, msivivunje. Hata kwa kuta ambazo mna hakika nazo, lowesheni sehemu mnayopiga msasa ili vumbi lisipae, fungeni mlango kwa karatasi ya nailoni, na futeni sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kwa ufagio mkavu unaolirusha vumbi hewani likatue tena. Nguo za kazi zibaki nje ya chumba cha mtoto. Vueni, nawieni hadi kwenye viwiko, ndipo mumshike. Nimewahi kumwona baba mwema kabisa, aliyefunika kila kitu kwa uangalifu, akimwegemeza mwanawe usingizini kwenye shati ambalo mabega yake yalikuwa meupe kwa unga wa ukuta.

Harufu ya rangi, vanishi na tina haiishi siku rangi inapokauka kwa kuguswa. Chagueni rangi ya maji yenye kemikali kidogo, fungueni madirisha, na mtoto alale chumba kingine kwa siku kadhaa, hadi mtu anayetoka nje, ambaye pua yake haijazoea, aingie asisikie kitu. Na wale mnaopaka mbao kwa mafuta ya mbegu za kitani, sikilizeni hili: matambara yaliyolowa mafuta hayo, yakirundikwa mahali pamoja, yanaweza kujipasha joto yenyewe hadi yakawaka moto bila kiberiti. Ni jambo la kawaida mtu kulitupa tambara pembeni mtoto anapolia. Wekeni mapema nje ya nyumba kamba ya kuyaanika yakiwa yametandazwa, au chombo cha bati chenye maji na mfuniko, ili hata siku ya kukimbia muwe na pa kuyaacha.

Kila kazi inapokatizwa, vitu vinabaki. Ndoo ya maji ya kuoshea brashi imwagwe kabla hujaondoka, kwa kuwa mtoto anayejifunza kusimama huinamia ndoo akatanguliza kichwa, na sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha. Kifaa cha kupimia chenye mwanga, tochi ndogo na rimoti huwa na betri bapa za duara. Mtoto akiimeza moja, inaweza kumchoma umio ndani ya saa mbili, kwa hiyo ikishukiwa tu kuwa amemeza, ni kwenda hospitali papo hapo bila kungoja dalili. Kwa skrubu na misumari, ninayo njia ninayoipenda. Jioni, zimeni taa, lazeni tochi sakafuni ili mwanga utambae juu ya sakafu, kisha inameni mpaka macho yenu yafike usawa wa macho ya mtoto. Skrubu ambayo hukuiona ukiwa umesimama hutupa kivuli kirefu, na utakifuata kivuli hicho hadi mguu wa meza. Pitisheni sumaku mkimaliza.

Kuhusu mpangilio, nasema wazi kwamba urembo ungoje. Watu huanza na rangi ya ukuta na picha za wanyama, kabati refu likabaki limesimama bila kufungwa ukutani. Mtoto wenu leo hajui kugeuka, ila kwa kawaida kati ya miezi 8 na 10 atakuwa anajivuta kusimama kwa kushika chochote, na droo zilizovutwa nje ni ngazi kwake. Kabati, rafu na televisheni vifungwe ukutani kwa vishikizi vinavyofaa aina ya ukuta wenu. Kamba za pazia ziinuliwe asiweze kuzifikia. Kazi za vumbi zimalizike kabla hajazaliwa au zingoje hadi atakapoweza kukaa kwingine siku nzima.

Kitanda chake ndicho pekee ambacho ningependa msikibuni wenyewe. Mkikirithi au mkikitengeneza, hakikisheni nafasi kati ya fito hazizidi sentimita 6, godoro ni gumu na limejaa pembeni kiasi kwamba vidole viwili havipenyi, na rangi yake si ya zamani isiyojulikana. Vitanda vyenye upande unaoshuka vilikatazwa kuuzwa Marekani mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto. Mkipewa kimoja na mtu mwenye nia njema, kipokeeni kwa shukrani na msikitumie.

Mwisho, zungumzeni ninyi kwa ninyi kabla ya kuanza. Aliyeshika brashi asimhesabu aliyeshika mtoto kuwa amepumzika. Badilishaneni zamu, naye mama apewe nyundo akitaka, kwa sababu saa mbili za kufanya kitu kinachoonekana kimekamilika humrudishia mtu nguvu baada ya wiki za kazi isiyo na mwisho. Kubalianeni pia kwamba yeyote kati yenu akisema kazi isimame leo, inasimama bila mjadala, na mgeni atakayekicheka chumba kilichopakwa nusu asiwaharakishe.

Wale ambao mnasoma haya huku nyumbani mna kabati refu ambalo bado halijafungwa ukutani, anzeni na hilo wiki hii. Mengine yote yanaweza kupangwa baadaye.

Wenu kwa upendo,
Mzee wenu