Kinyama Kwenye Chupa

Mwanza, 9 Agosti

Zawadi mwenzangu,

Salamu nyingi. Kijikaratasi chako ulichokibandika kwenye boksi la sampuli kilifika salama, tena kabla sampuli zenyewe hazijatolewa boksini. Eti sisi wa maabara tunaatamia vinyama vya watu, hivyo vipande mnavyowakata wagonjwa tuvipime, kama kuku anavyoatamia mayai! Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akataka kukisoma. Lakini ulichoandika chini yake hakikuwa utani: yule mama aliyetolewa uvimbe wa titi anarudi kila Jumatatu kuulizia majibu, na wewe ndiye unayesimama mbele yake ukimwambia bado. Nimekupigia simu mara mbili hupatikani, najua mtandao wa huko kwenu. Kwa hiyo dereva anayerudisha chupa tupu atakuletea barua hii. Ina habari ya yule mama pia, ila nivumilie kwanza, maana nimechoka kuulizwa "kwani mnafanya nini huko muda wote huo" hata na watu wa afya wenzangu.

Nianzie mezani kwako. Kinyama kikitoka mwilini hakipati tena damu, lakini vimeng'enya vyake bado viko kazini, vinaanza kukila kutoka ndani. Fomalini, ile dawa ya maji ya kwenye chupa, ndiyo inayovisimamisha. Inazifunga protini mahali zilipo, seli ikabaki na sura iliyokuwa nayo saa ile. Aliyeligundua hilo, mwaka 1893, ni daktari wa Frankfurt aliyeitwa Ferdinand Blum. Alikuwa akiijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake imekakamaa. Mimi na wewe tungepaka mafuta tukaendelea na kazi; yeye akajiuliza kwa nini.

Sasa fomalini haina haraka. Huingia kwenye nyama kama milimita 1 kwa saa, na kadiri inavyozama ndivyo mwendo unavyopungua. Ukilisokomeza titi zima kwenye ndoo yenye fomalini ya kulowesha chini tu, litafika huku limekauka nje na kuoza katikati, na uvimbe wenyewe uko huko katikati. Fomalini iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa nyama. Chombo kiwe na mdomo mpana pia: nyama laini hupenya popote, ikishakakamaa haitoki tena. Tumeshavunja chupa kwa nyundo, Zawadi, siyo hadithi. Na msiitumie ile iliyokaa dirishani tangu mwaka juzi. Fomalini iliyochacha ikikutana na damu huacha chembe za kahawia iliyokoza juu ya tishu, zinazofanana mno na zile zinazoachwa na malaria. Hebu fikiria mkanganyiko huo hapa kwetu Kanda ya Ziwa.

Mwezi uliopita ililetwa chupa kutoka hospitali moja (si yenu, tulia), kinyama kinaelea kwenye maji ya dripu. Siku mbili kimesafiri hivyo juani. Tulikifanyia kila kitu kwa utaratibu, na mwishoni viini vya seli vilikuwa vimefifia kama maandishi yaliyonyeshewa. Yule mgonjwa ikabidi akatwe upya.

Kikija kimehifadhiwa vizuri, daktari wa patholojia, yaani anayetambua ugonjwa kwa kuisoma nyama yenyewe, anakikagua, anakipima, anachagua pa kukata. Vipande visizidi unene wa milimita 4 au 5, kila kimoja kwenye kaseti yake ya plastiki yenye namba. Kisha mashine inafanya kazi usiku kucha. Tunataka kuijaza nyama nta ili ikatike vyembamba, lakini nta na maji havipatani. Kwa hiyo maji yanafukuzwa na alkoholi, kuanzia asilimia 70 hadi 100 polepole nyama isije ikasinyaa. Alkoholi inafukuzwa na zailini, kimiminika kinachopatana na alkoholi na nta pia. Na zailini inapisha nta ya moto, nyuzi 60 hivi. Umeme ukikatika saa nane usiku na jenereta likagoma, unajua mwenyewe asubuhi inavyokuwa.

Halafu mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba. Hapa ndipo ninapolipwa mshahara wangu kwa haki. Bloku ya nta, ndani yake kinyama, imelazwa kwenye barafu mpaka ikawa ngumu. Unaifunga kwenye mashine, unazungusha gurudumu, nayo inapanda na kushuka mbele ya wembe, kila mzunguko ikitoa kipande cha unene wa maikroni 3 au 4 (maikroni 1,000 ndiyo milimita moja). Seli nyekundu ya damu ina upana wa kama maikroni 7, kwa hiyo unene wa hicho haufiki upana wa seli moja. Vipande hushikana kimoja kwa kingine vikawa utepe, mwepesi kuliko ngozi ya kitunguu. Feni lazima izimwe. Mwanza, mwezi wa kumi, feni imezimwa, jasho linakutiririka mgongoni na huruhusiwi kupiga chafya! Utepe unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, mikunjo inajinyoosha yenyewe, unauvua kwa slaidi, kile kibao chembamba cha kioo, kama mtu anayeopoa jani kisimani.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa bloku ya kinyama kilichotolewa kwa sindano, kiuzi tu. Nilikuwa nazungusha nipate uso ulionyooka, nikaona bado, nikazungusha tena, bado. Nilipokuja kushtuka, kwenye bloku ilibaki nta tupu. Mkuu wangu aliiangalia, akasema, "Umemmaliza mgonjwa," akaondoka. Mpaka leo vinyama vidogo navikata nikiwa nimebana pumzi. Jambo jingine nililofundishwa siku hizohizo ni kufuta uso wa maji kila baada ya bloku. Kipande cha saratani ya mtu kikibaki kinaelea humo, kinaweza kudandia slaidi ya mwingine asiye na ugonjwa wowote.

Rangi sasa. Ukikitazama kipande kikiwa hivyohivyo huoni kitu, ni kama ukungu kwenye kioo. Tunatumia mbili. Ya kwanza, hematoksilini, hutoka kwenye gogo la mti wa Mexico, wa upande wa Campeche. Unamkumbuka bibi yako alivyokuwa akichemsha ukindu wa mikeka, na ugomvi wake na rangi za dukani zinazochuja? Tatizo letu ni hilohilo. Hematoksilini peke yake haishiki mpaka ipate hewa igeuke, kisha itiwe shabu. Ndiyo, shabu hiihii ya kinyozi! Ni Mjerumani Böhmer aliyeileta kwenye kazi hii mwaka 1865. Ikishikishwa hivyo, inang'ang'ania viini vya seli. Tunachovya kidogo kwenye alkoholi yenye tindikali kuondoa iliyozidi, sekunde chache tu, ukiongea na mtu hapo umeharibu. Halafu maji ya bomba. Hapo wanafunzi huwa wanashangaa: slaidi inaingia majini ikiwa ya zambarau-nyekundu, na polepole inageuka buluu, kwa sababu maji yetu yana ualikali kidogo. Baadaye eosini, ya waridi, inayopaka kila kilichobaki. Ndoa ya rangi hizi mbili ni ya mwaka 1876, na hatujapata bora ya kazi ya kila siku tangu hapo.

Kwenye hadubini naanza na lenzi ndogo kila mara. Wanaokimbilia kubwa hupotea, kama mtu anayesoma herufi moja moja asijue ukurasa unasema nini. Ukiwa juu unaona mtaa mzima: vifereji vya titi vimejipanga vizuri au vimevurugika, seli zimekaa kwenye mipaka yao au zimevamia mafuta ya jirani. Ukishuka unaona viini vikubwa, vyeusi, kila kimoja na umbo lake. Kwenye kibofu cha mkojo huwa nakutana na yai la kichocho limejikunja ndani ya nyama, na kimwiba chake mwishoni. Kinachonisimamisha kila mara ni uvimbe wa Burkitt, ule wa mataya ya watoto, alioueleza mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala. Seli za buluu nzito zimebanana, na katikati yake madoadoa meupe ya seli walaji zinazosafisha zilizokufa. Vitabu vinauita anga lenye nyota, na kweli ni zuri. Naona haya kulisema neno hilo nikikumbuka ni taya la mtoto.

Uvimbe huo una kisa cha usafiri utakachokipenda. Desemba 1963 kipande chake kilipandishwa ndege kutoka Uganda kwenda London kwa mtafiti Anthony Epstein. Ukungu ukaizuia ndege London, ikatua Manchester. Kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mwingine angeyamwaga akidhani bakteria wameshaingia. Yeye akaweka tone chini ya hadubini, akakuta ni seli za uvimbe, hai, zinaelea. Kutokana na seli za aina hiyo ndipo virusi vinavyoitwa Epstein-Barr vilipoonekana mwaka 1964. Hiyo lakini ilikuwa sampuli ya kukuzwa ikiwa hai. Wewe usiniletee yenye maji machafu ukanitajia Epstein.

Sasa yule mama. Bloku yake iko tayari, slaidi zimekatwa na kutiwa rangi tangu Alhamisi iliyopita. Daktari amezisoma, ila hawezi kusaini. Fomu iliyokuja na chupa imeandikwa "titi", basi. Kushoto au kulia, haisemi. Saa kinyama kilipoingia kwenye fomalini, haisemi, na tunaihitaji kwa kipimo cha vipokezi vya homoni, cha kujua kama seli za uvimbe zinapokea homoni, kinachotaka nyama iliyokaa humo kati ya saa 6 na 72. Namba ya simu iliyoandikwa haipokelewi.

Fungua kitabu cha chumba cha upasuaji, uangalie tarehe ya 22 Julai. Andika upande na saa kwenye karatasi, weka muhuri, umpe dereva huyuhuyu, usimwachie aondoke bila hiyo. Nimemwambia akusubiri hata kama utakuwa ndani ya upasuaji.

Mpe mama yako shikamoo yangu, na wanangu wasalimie.

Wako,
Rehema