Kwa vijana wa gatka: ufunguo wa stoo ninao mimi

Wanangu wa gatka, mchezo wetu Masingasinga wa fimbo na panga,

Sat Sri Akal kwa waliozoea hiyo, namaste kwa waliozoea hiyo, na nyinyi mliojiunga kwa kuwafuata marafiki zenu wa shule, hamjambo.

Jumapili iliyopita, langar, chakula chetu cha pamoja, ikiwa imekwisha na akina mama wakiosha sahani, kijana wa bodaboda alikwaruza mlango wa gari hapo nje ya lango la gurdwara, nyumba yetu ya ibada. Nimeutazama huo mkwaruzo. Una urefu wa kidole na haujafika kwenye bati. Mimi niliyenyoosha na kupiga rangi bodi za malori kwa miaka arobaini nawaambia ni kazi ya nusu saa na kikopo cha polishi. Mmoja wenu akafungua buti, akatoa upanga wa maonyesho, akauchomoa alani. Hakumpiga mtu. Najua hakumpiga, msinipigie simu tena kunieleza kwamba hakumpiga. Wawili mlisimama kando yake, na wa nne alikuwa anarekodi. Usiku huo video ilinifikia kutoka kwa mpwa wangu aliye Mombasa, chini yake pameandikwa neno moja: Simba.

Kosa lilifanywa hadharani, nami naandika hadharani.

Nasikia mnajitetea kwa historia. Mnasema sisi ni watu wa upanga tangu zamani. Haya, tuongee hiyo zamani.

Guru Nanak, mwanzilishi wa imani ya Kisingasinga, alizaliwa mwaka 1469, na hakufunga upanga kiunoni. Alichotuachia ni sufuria: tajiri na mfagiaji waketi chini mstari mmoja, wale chakula kimoja. Guru wa pili, Angad, aliweka uwanja wa mieleka huko Khadur ili miili ya vijana isilale. Mieleka, si panga. Ni mpaka Guru wa tano, Arjan, alipouawa kwa mateso kule Lahore mwaka 1606, ndipo mwanawe Hargobind, mtoto wa miaka 11, alipokalia nafasi ya baba yake akiwa amevaa panga mbili. Mmoja aliuita miri, wa pili piri. Miri inatokana na amiri, huyuhuyu amiri jeshi tunayemtaja kila siku: ni mamlaka ya dunia. Piri ni mambo ya roho. Alizivaa zote mbili kwa pamoja, na sijasikia popote kwamba aliwahi kuacha mmoja nyumbani. Sasa nauliza: ule uliotoka kwenye buti ulikuwa upi kati ya hizo?

Kisha mkaja kwenye mwaka 1699, maana huo ndio mnaoupenda. Anandpur kule Punjab, siku ya Vaisakhi, sikukuu ya mavuno, Guru wa kumi, Gobind Singh, amesimama mbele ya umati na upanga mkononi akiitisha kichwa cha mtu. Hapo mnapenda kusimamisha hadithi. Mimi naomba tuendelee nayo. Waliojitoa ni watano: Daya Ram wa Lahore, Dharam Das wa Hastinapur, Himmat Rai wa Jagannath Puri, Mohkam Chand wa Dwarka, Sahib Chand wa Bidar. Miongoni mwao alikuwamo mchota maji na alikuwamo kinyozi, watu ambao katika India ya wakati ule wenye ukoo wasingepokea chakula mkononi mwao. Guru alikoroga maji na sukari katika bakuli la chuma, kwa upanga wenye makali pande mbili, akawanywesha wote kutoka bakuli hilohilo. Baada ya hapo yeye mwenyewe akapiga magoti mbele ya hao watano, akaomba wamnyweshe vilevile. Aliyeitisha vichwa alimwinamishia kinyozi kichwa chake. Hiyo sehemu sijaiona kwenye video hata moja.

Na jina Singh, ambalo ndilo simba, walipewa siku hiyo baada ya kunywa. Kwanza bakuli, halafu usimba.

Kuna barua ambayo kila anayegusa gatka anapaswa kuijua. Mwaka 1705 Guru Gobind Singh alimwandikia Aurangzeb, mfalme wa Wamughal wa India, kwa Kiajemi, barua iitwayo Zafarnama. Alipoiandika alikuwa amepoteza wana wote wanne, wawili vitani Chamkaur, na wawili wadogo waliuawa Sirhind. Alikuwa ametoka Anandpur baada ya kuapiwa kwa Kurani kwamba atapita salama, na kiapo kikavunjwa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutukana, ni yeye. Hakutukana. Alimkumbusha mfalme kiapo chake. Na humo ndimo umo ule ubeti ambao mmoja wenu amejichora kwenye mkono bila kujua ubeti mzima unasema nini. Maneno yake mawili ni yetu pia, yamo kwenye Kiswahili: hila na halali. Unasema kwamba hila zote zikishashindwa, hapo ndipo inapokuwa halali mkono kushika upanga. Hila hapa si ulaghai, ni njia, ni jitihada. Zote. Sasa nihesabieni hila zilizojaribiwa pale langoni kabla buti halijafunguliwa. Yule kijana aliulizwa jina? Aliombwa namba ya simu? Alipewa nafasi ya kusema samahani? Nimeitazama video mara nne. Alikuwa anasema samahani.

Kati ya watu wote wa Anandpur, ninayemkumbuka zaidi hakuwa na silaha. Aliitwa Bhai Kanhaiya. Vita vikipiganwa yeye alizunguka na kiriba cha maji, akiwanywesha waliojeruhiwa. Wapiganaji wakaenda kumshtaki kwa Guru: huyu anawanywesha maadui, tunamwangusha mtu, yeye anamwinua aje atupige tena. Malalamiko yenyewe, kusema kweli, yalikuwa na akili. Guru akamwita, akamuuliza. Akajibu kwamba akitazama nyuso zile haoni adui wala rafiki, anaona uso wa Guru tu. Guru hakumkemea. Alimpa marhamu na vitambaa, akamwambia kuanzia sasa awafunge na vidonda pia. Nimeishi na kisa hiki tangu utotoni na bado kinanishinda. Mara ngapi nimemnyima mtu spana kwa sababu karakana yake ilikuwa mkabala na yangu!

Wenzangu Wahindu mlio kwenye kikundi, msikae pembeni mkitabasamu. Kwenu nako kuna Ashwatthama. Vita vya Kurukshetra vilikuwa na masharti: aliyeangusha silaha hapigwi, aliyelala hapigwi, jua likizama mapigano yanasimama. Masharti yalivunjwa na pande zote, hilo Mahabharata, utenzi wa vita hivyo, haifichi. Lakini Ashwatthama, mwana wa mwalimu wa silaha wa pande zote mbili, aliingia kambini usiku baada ya vita kwisha, akawaua wana wa Draupadi, malkia wa upande ulioshinda, wakiwa usingizini. Hakuuawa kwa hilo. Alinyang'anywa kito alichozaliwa nacho kwenye paji la uso, akalaaniwa atangatange miaka 3,000 na jeraha lisilopona, asikaribishwe na mtu. Wazee waliotunga adhabu hiyo walijua kifo kingekuwa nafuu.

Na aliyewahi kuingia kalari, uwanja wa kujifunzia mapigano kule Kerala, India, atawaambia: unashuka kwenye shimo lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi, mguu wa kulia unatangulia, unagusa udongo kisha paji la uso. Katika mtindo wa kaskazini unaanza na mwili, unaenda kwenye mti, unaenda kwenye chuma, na cha mwisho kabisa ni mikono mitupu. Chuma kiko katikati ya njia. Nyinyi mnakiona kuwa kilele.

Mnasema kwamba haya ni maneno ya wazee wanaojipamba. Basi msikilizeni adui. Kadhi Nur Muhammad alifuatana na jeshi la Ahmad Shah Durrani, mfalme wa Waafghani, kuingia Punjab katika msimu wa mwaka 1764 hadi 1765, na katika kitabu chake aliwaita Masingasinga mbwa. Aliwachukia kwelikweli. Lakini kalamu ilimshinda, akaandika kwamba hawamuui anayekimbia, hawamvui mwanamke mapambo yake, na si wezi. Sifa ya rafiki sina haja nayo. Hii ya Kadhi ndiyo ninayoiogopa kuipoteza, maana ilichukua vizazi kuipata, na yule wa nne wenu aliirekodi ikidondoka kwa sekunde thelathini na moja.

Sitasema tulikuwa malaika. Mwaka 1710 Banda Singh, kamanda wa Masingasinga, alipoiteka Sirhind, mji ule ulilipa kwa ajili ya wale watoto wawili, na waliolipa si wote walikuwa na deni. Soma na hayo pia.

Hapa Kenya mtu akitaja Kalasinga shujaa, wa kwanza ni Joginder Singh aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Sina ubishi, nilikuwa kando ya barabara nimejaa vumbi. Lakini mimi namweka mbele Makhan Singh, yule wa vyama vya wafanyakazi. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili kwa nchi za Afrika Mashariki, wakati wengi walikuwa wanaomba nyongeza ya mshahara. Alikamatwa mwezi uliofuata, hakuachiwa mpaka 1961. Miaka kumi na moja, na hakuna picha yake hata moja niliyoiona akiwa na upanga.

Sasa ya kwetu. Panga zote nimezifungia stoo, na ufunguo ninao mimi, msimsumbue ustad wenu. Fimbo za gatka na ngao za ngozi zimebaki nje. Pentra, ile miondoko ya miguu, mtaendelea nayo, tena taratibu, maana niliwaona kwenye maonyesho: mikono inaruka, miguu imekwama. Kara ile ya dhahabu, bangili ya mkononi, irudishwe kwa sonara. Kara ni ya chuma.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nawataka jikoni, wote, pamoja na mpiga picha bila simu yake. Kuna gunia la vitunguu.

Kijana wa bodaboda nilimpata kwenye kituo chao Jumanne. Tulikaa juu ya tairi tukanywa chai. Nilimwomba msamaha kwa niaba yenu, lakini huo ni wangu, wenu bado anaudai. Amekubali kuja kula Jumapili na wenzake wawili. Aliyeuchomoa upanga ndiye atakayepita na jagi la maji kwenye mstari wao. Kitu pekee alichoniuliza ni kama ataruhusiwa kuingia na helmeti yake, maana anaogopa kuibiwa. Nikamwambia avue viatu, helmeti ataiweka karibu yangu, na kitambaa cha kufunika kichwa atakikuta kwenye kapu mlangoni.