Mwanaidi, msianzie ile ya Korea

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na za hapo nyumbani. Mama Siti anaendelea vizuri, mguu umeshuka uvimbe. Sasa niingie kwenye lililonifanya nishike kalamu, maana ujumbe wako umenitia wasiwasi. Unasema Ijumaa mnaanza kuandika tafsiri ya chini ya skrini ya Itazura na Kiss, ile hadithi ya katuni ya Kijapani iliyotengenezwa filamu nyingi za vipindi, mtaanzia tamthilia ya Korea, na mtafunga kwenye harusi kwa sababu hadithi imeishia pale.

Haikuishia pale! Harusi ya yule msichana Kotoko na mwanafunzi mwenzake Irie iko katikati ya hadithi. Kaoru Tada alianza kuichora mwaka 1990 kwenye jarida la Bessatsu Margaret, akafariki Machi 1999 akiwa na miaka 38, hajaimaliza. Vitabu vyote 23 ukivisoma, utaachwa njiani. Anayetaka mwisho aende kwenye anime (filamu ya katuni) ya mwaka 2008, vipindi 25, ambayo ilifuata mwisho alioukusudia Tada mwenyewe, mpaka anazaliwa binti yao Kotomi. Ndiyo maana nasema muanzie hapo. Ile ya Korea ya 2010 ni nzuri, lakini ni vipindi 16, na maisha ya ndoa yakasukumwa kwenye vipande 7 vifupi vya YouTube. Ya Taiwan ya 2005 ina mwendelezo wake wa 2007, hiyo iwekeni ya pili. Love in Tokyo ya 2013, tamthilia ya Wajapani wenyewe, nayo msiisahau, ila hakikisheni mna msimu wa 2014 pia.

Sasa maneno, na hapa ndipo panapoharibika. Kotoko anapompa Irie barua, yeye anajibu neno moja: "Iranai." Andikeni "Siitaki." Mkiandika "Sikutaki" mmeshaua hadithi, kwa sababu alichokataa ni barua, Kotoko mwenyewe hajakataliwa bado, na tumaini lake lote limekaa kwenye herufi hizo. Wakorea walibadilisha tukio hili: kijana anaisahihisha barua kama mtihani na kuitia alama. Inachekesha, lakini ubaridi wa lile neno moja umepotea.

"Irie-kun" ("-kun" ni kiambishi cha Kijapani cha kumwitia kijana) liacheni lilivyo. Najua Saumu atataka "kaka Irie". Hapana! Hawa wanaishi nyumba moja, baba wa Kotoko na baba wa Irie ni marafiki wa utotoni. Ukiweka "kaka" mtazamaji ataona ni ndugu, na mapenzi yatamtia kichefuchefu. Isitoshe Kotoko anaendelea kumwita Irie-kun hata baada ya kuolewa, wakati yeye mwenyewe keshakuwa Irie kwa jina la ukoo. Mkibadilisha kuwa "mpenzi" baada ya harusi, utamu huo mmeutupa.

Busu la kwanza, siku ya kuhitimu, Irie anamalizia kwa "Zamaa miro." Hilo Kiswahili kinalo tayari: "Ukome!" Ni kisasi cha ile picha yake ya utotoni amevishwa gauni na mama yake, ambayo Kotoko alimtishia nayo, kwa hiyo msiligeuze kuwa neno la mahaba. Busu la pili Kotoko amelala, aliyeona ni Yuki tu, mdogo wake Irie. Msiweke maelezo yoyote pale. Mtazamaji ajue, Kotoko asijue.

Na lile tetemeko lililoangusha nyumba ya Kotoko peke yake: kipimo cha Kijapani, shindo, hupima mtikisiko wa mahali ulipo, kuanzia 0 hadi 7. Lilikuwa la 2, la kutikisa taa ya dari tu. Andikeni "tetemeko dogo" mpate kicheko chake.

Jambo la mwisho, vitenzi vyetu ni virefu na Kotoko anaongea kama cherehani. Mistari miwili, herufi kama 40 kila mmoja, basi. Kateni viwakilishi: "mimi ninakupenda" iwe "nakupenda". Nilitaka kukuandikia na habari za mama yake Irie, yule na kamera yake, ila karatasi inaisha. Anza na anime, Mwanaidi, nakuomba.

Nani atapanga muda wa maandishi, Saumu au yule mpwa wako? Mmepata vipindi vyote 25, au vinaishia njiani? Mtaanza Ijumaa hiihii, au mnaweza kusogeza wiki moja nikutumie orodha ya majina? Na "Siitaki", umekubali?

Wako,
Rehema